PICHA ZA UBONGO ZIPIMWE KWA MIZANI MOJA

Kifafa si ugonjwa mgeni katika Mikoa ya Mbeya na Iringa, na wapo wagonjwa wengi walioambiwa kuwa wamerogwa. Leo inafahamika kwamba sehemu ya kifafa hicho huletwa na tegu wa nguruwe, ambaye mayai yake yakimezwa na mtu, vijidudu vyake huweza kujijengea vifuko ndani ya ubongo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa, katika sehemu nyingi alikoenea tegu huyo, asilimia 30 hivi ya kifafa hutokana naye.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kuwa jambo hili haliwahusu kwa kuwa hawali nguruwe. Nyama isiyoiva humpa mlaji tegu wa tumboni. Vifuko vya ubongoni hutokana na mayai yaliyomo katika kinyesi cha mwenye tegu, yakafika kwenye maji, mboga au mikono ya mpishi. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walieleza habari za Wayahudi washika dini wa New York, wasiogusa nguruwe kabisa, waliopatwa na maradhi haya.

Kuviona vifuko hivyo kwahitaji mashine ya CT, yaani eksirei inayokipiga kichwa picha kipande kwa kipande, au ile ya MRI itumiayo sumaku. Watafiti wa kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na wenzao wa Ujerumani, wamezitumia picha za CT kukihakiki kipimo chepesi cha damu kwa wagonjwa wa hospitali za Vwawa, Ifisi na Tukuyu.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Tuchukulie kwamba hospitali moja ya Mbeya inapiga vipande vyembamba vya milimita moja, na nyingine ya Iringa vipande vya milimita kumi. Kifuko kilichokufa na kugeuka chokaa, chenye ukubwa wa punje ya mtama, kitaonekana Mbeya na kupotea Iringa. Karatasi zikifika Wizarani zitasema Iringa ni salama zaidi, na dawa zitapelekwa kwingine. Hatari nyingine ni ya mgonjwa mwenyewe: dawa ya kuua vifuko vilivyo hai huweza kuuvimbisha ubongo, na kwa vilivyokwisha kufa haina kazi. Daktari hana budi kujua anatazama kipi.

Dawa ya tofauti hizi haina uchawi. Katika CT, maji husomeka sifuri na hewa hasi 1,000. Basi chombo kilichojaa maji kikipigwa picha mara kwa mara kitaifichua mashine iliyopotoka. Watu wazima wenye afya waweza kusafirishwa kutoka MRI moja hadi nyingine wakapimwa kote; kwa CT hatushauri hivyo, kwa sababu ya mionzi. Utafiti mkubwa wa ugonjwa wa kusahau, ulioanza Marekani na Kanada mwaka 2004, uliweka tangu mwanzo kanuni moja ya upigaji kwa vituo vyote.

Ipo pia hesabu iliyobuniwa mwaka 2007 kwa ajili ya tafiti za jeni, ambayo mwaka 2017 ilianza kutumika kuziondoa tofauti za mashine katika picha za ubongo. Lakini wagonjwa wote wakipigwa picha Mbeya na wazima wote Iringa, hakuna hesabu itakayotambua lipi limetokana na tegu na lipi limetokana na mashine. Kila kituo kiwapige wote wawili.

Tunaiomba Wizara, kabla ya kuunganisha picha za Bara na za Visiwani, iagize kila picha iandikiwe aina ya mashine, unene wa kipande na tarehe ya matengenezo ya mwisho, na isomwe na madaktari wawili wasiojua imetoka hospitali ipi.