Jiko la Nalanda na Wasomi wa Juru

Mkongo au Mrundi anayepelekwa Juru, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hupewa kiwanja. Vyeti vyake huenda viliungua pamoja na nyumba. Ni kwa ajili yake ninaandika kuhusu Nalanda, chuo cha kale cha Wabuddha huko Bihar, India.

Nalanda ilianza karne ya 5, enzi za mfalme Kumaragupta wa Kwanza. Mchina Xuanzang alipofika karne ya 7, alisoma kwa mzee Silabhadra. Pale zilifundishwa dini, sarufi, mantiki na tiba. Lakini kinachonivutia mimi ni jiko lake. Mfalme wa wakati huo alikitengea chuo mapato ya vijiji vipatavyo 100, na kaya za huko zikaleta mchele, siagi na maziwa kila siku. Mwanafunzi hakuhangaikia chakula, nguo, malazi wala dawa. Kazi yake ilikuwa kusoma.

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 12, majeshi ya Bakhtiyar Khalji yalivishambulia vyuo vya eneo hilo. Hata hivyo Mtibeti Dharmasvamin, aliyefika yapata mwaka 1235, alimkuta Rahula Sribhadra, mzee wa zaidi ya miaka 90, akifundisha sarufi wanafunzi wapatao 70 katikati ya magofu. Habari zikaja kwamba askari wako njiani. Wengine wakakimbia. Dharmasvamin akambeba mwalimu wake, wakajificha hekaluni. Askari walipoondoka, wakaendelea na somo mpaka likaisha. Waliovuka mpaka wa Kongo na Uganda pale Bunagana na watoto mgongoni hawahitaji kuelezwa zaidi.

Baadaye udongo ukafunika kila kitu. Uchimbaji mkubwa ulianza 1915, na mwaka 2016 UNESCO ikayaingiza magofu katika Urithi wa Dunia. Bunge la India lilipitisha sheria ya chuo kikuu kipya cha Nalanda mwaka 2010. Masomo yakaanza 2014 huko Rajgir, jirani na magofu, na majengo yake yakazinduliwa Juni 2024.

Turudi Juru. Kutoka hapo, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989, hakiko mbali. Kinachomzuia kijana ni karo, nauli na tumbo, na miaka hii mgao wa chakula kwa wakimbizi umepunguzwa. Wafadhili wengi hupenda kujenga madarasa, kwa kuwa jengo hupigwa picha. Mimi nawaomba waanze na jiko: posho na maharagwe ya muhula mzima kwa kila kijana wa Juru aliyepata nafasi Mbarara, kabla ya kununua tofali jingine.