Karani wa mizani asipatikane kwa kujulikana tu

Msimu wa korosho unapokaribia Mtwara na Lindi, vyama vya msingi hutafuta makarani wa kupima mzigo. Jina linalotajwa kwanza mara nyingi ni la kijana anayesalimia kila mtu, asiyekosa msiba wala harusi. Yule anayejua mizani na hesabu hukaa pembeni. Ni mkimya, basi watu husema anaringa.

Kosa hilo lina bei. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, mkulima hulipwa baada ya mnada, kwa kilo zilizoandikwa. Karani akipunja kilo mbili katika gunia la kilo 80, hata kwa kutojua, mwenye magunia 20 amepoteza kilo 40. Korosho zikiuzwa, tuseme, Sh2,000 kwa kilo, hizo ni Sh80,000. Akipokea korosho mbichi zikachanganywa na kavu, huumia hata aliyeanika vizuri.

Bodi ni jambo jingine. Wajumbe wake hupigiwa kura, na hapo kupendwa kunasaidia: asiyesikilizwa hawezi kuwatuliza wanachama malipo yanapochelewa. Lakini karani ni mwajiriwa. Waombaji wapewe gunia ambalo uzito wake unajulikana, wapime, waandike stakabadhi, wakokotoe malipo baada ya makato. Nusu saa inatosha.

Naye mkimya ana la kujirekebisha. Mkulima akiuliza kwa nini kilo zimepungua, asinune. Arudishe gunia kwenye mizani, wasome pamoja.