Msaada wa Tabianchi Uanzie Kwenye Mchanga wa Mto

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa hupita Emali, mji wa soko ambako Mkamba na Mmaasai hukutana kuuziana mifugo. Wakati wa kiangazi, mito mingi ya Makueni na jirani yake Kitui huonekana kuwa mchanga mtupu. Mwenyeji, hata hivyo, ajua kwamba chini ya mchanga huo ndiko iliko akiba yake. Hupiga magoti, akachimba, akayafikia maji.

Naanza na mchanga kwa sababu mijadala ya kuzisaidia nchi zinazoendelea kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, na kukuza uchumi usioharibu mazingira, huelea juu mno. Wahenga walinena kuwa mchuma janga hula na wa kwao. Safari hii mchumaji yuko mbali. Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 4 ya gesi zinazoongeza joto duniani, ilhali kati ya 2020 na 2022 misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu nyingi kame za Kenya.

Wakazi wa Ukambani hawakungoja kuhurumiwa. Kwa desturi ya mwethya, yaani kazi ya pamoja, wamechonga matuta ya fanya juu milimani na kujenga kuta imara katika mito ya msimu. Mafuriko yajapo, mchanga hujikusanya nyuma ya ukuta na maji hujificha ndani yake. Robo au hata thuluthi ya ujazo wa mchanga huo huweza kuwa maji, tena jua haliyakaushi upesi wala mbu hawazaliani humo. Mabwawa ya mchanga ya namna hii yamejengwa kwa mamia Kitui na Makueni.

Lakini mchanga huohuo ndio unaojenga maghorofa ya mijini. Ukishapakiwa kwenye lori, mto hubaki mwamba mtupu na visima hukauka. Mwaka wa 2015, Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kusimamia matumizi yake. Hatua hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, sheria pekee haimlishi kijana anayepata riziki yake kwa sepetu mtoni. Tukimkataza kuchota mchanga, ni lazima tumwonyeshe kazi nyingine: kilimo cha ndengu na maembe kinachotegemea maji ya bwawa, na viwanda vya matunda kama kile cha Kalamba. Ukuaji wa uchumi usiompa kijana huyo ujira ni maneno matupu.

Hapa ndipo msaada unapohitajika. Mwaka wa 2009, huko Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kutoa dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020. Ahadi hiyo ilitimizwa 2022, na sehemu kubwa ya fedha zilizotoka kwa serikali na benki za maendeleo ilikuwa mikopo. Yaani aliyekaushiwa mto anakopeshwa ndoo, kisha anadaiwa riba! Nguo ya kuazima haisitiri matako. Fedha za kuhimili ukame sharti ziwe ruzuku, si deni.

Nasi pia tuna wajibu. Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza nchini kuunda hazina ya tabianchi, ambapo kamati za wadi hushiriki kuchagua miradi. Mfumo huo ndio unaofaa kupokea msaada, mradi hesabu zisomwe hadharani na wananchi waruhusiwe kuuliza maswali. Shilingi inayoishia kwenye semina za hotelini haijawahi kuhifadhi hata debe moja la maji.

Mwalimu mpendwa, wapeleke wanafunzi wako mtoni kiangazi hiki. Waulize wazee mchanga ulifika wapi zamani, wapime umefika wapi leo, kisha waandike walichokiona. Nawe mwanafunzi, utakapomwona mjumbe wa mataifa makubwa akizungumzia maendeleo yasiyoharibu mazingira, muulize swali moja tu: katika mto wetu, mchanga utabaki?