Vichekesho vya Miji ya Shaba (3): Kilio cha Mchekeshaji

Vichekesho vya sinema vilifika Katanga, mkoa wa shaba wa kusini mwa Congo, vikiwa mali ya kampuni na ya misheni. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliacha hatua kwa hatua kutegemea vibarua wa kuja na kuondoka, ikaanza kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, kwa mikataba ya miaka mitatu mitatu. Watu wanaoishi mahali kwa familia wanahitaji shule, hospitali, kanisa, uwanja wa mpira na jambo la kuwaweka pamoja jioni. Kolwezi, mji uliozaliwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya upande wa magharibi, ulikulia ndani ya utaratibu huo. Katika kambi kama Musonoi, kampuni ndiyo iliyotoa nyumba na posho ya unga. Mwenye kambi alikuwa na sauti hata juu ya kile ambacho watu wangekitazama na kukicheka.

Serikali ya kikoloni haikumruhusu Mwafrika aone filamu yoyote iliyoletwa. Ilikuwapo tume ya ukaguzi, na filamu nyingi walizoziona Wazungu katika majumba yao hazikuruhusiwa kuonyeshwa kambini. Pengo hilo lilizibwa na mapadre. Padre Albert Van Haelst, mmisionari wa Scheut aliyefanya kazi Kasai, alitengeneza katika miaka ya 1950 mfululizo wa filamu fupi za Matamata na Pilipili, watu wawili wanaoingia katika matatizo kwa ujinga, tamaa au majivuno yao wenyewe. Mfano wake ulikuwa dhahiri: Laurel na Hardy wa Marekani. Kila hadithi ilibeba fundisho, na mkosaji aliadhibiwa kabla taa hazijawashwa. Lakini mtazamaji anaweza kulipokea anguko na kuliacha fundisho. Ndivyo ilivyokuwa kwa filamu hizi, kwa sababu majina ya wahusika yalidumu vinywani kuliko mahubiri yao, na mwaka 1996 Tristan Bourlard aliweza kutengeneza filamu nzima ya kumbukumbu juu ya wawili hao.

Ng'ambo ya mpaka, katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Huko filamu za Marekani zilionyeshwa wazi, hasa za wachunga ng'ombe, na watazamaji waliwaita mashujaa wote wa filamu hizo kwa jina moja, Jeke. Hortense Powdermaker, aliyefanya utafiti Luanshya mwaka 1953 na 1954, alieleza jinsi umati ulivyopiga kelele, ulivyomshauri shujaa na ulivyomwonya juu ya adui aliyejificha nyuma yake. Kukaa kimya mbele ya kitambaa cheupe hakukuwa desturi. Jambo hili lina uzito kwa yaliyofuata, maana mchekeshaji wa miji ya shaba amefanya kazi siku zote mbele ya watu wanaomjibu.

Kazi hiyo ilipata mabwana wake wa nyumbani katika Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi. Mwanzilishi wake, Kyembe Kaswili, alijulikana zaidi kwa jina la mhusika wake, Mufwankolo, hata kundi zima likaitwa hivyo. Lilianza jukwaani, likasikika redioni, na katika zama ambapo Congo iliitwa Zaire likaingia katika televisheni, ambako michezo yake ilijulikana kote Shaba, jina lililopewa Katanga wakati huo. Kundi hili halikutengeneza sinema kwa maana ya filamu za kuuzwa katika majumba ya maonyesho. Lakini kwa kijana aliyekulia kwenye mkoa ambao haukuwa na studio ya filamu, hiyo ndiyo iliyokuwa sinema ya vichekesho: nyuso zile zile kila juma, makosa yale yale ya baba mlevi, ya mke mwenye ulimi mkali, ya karani anayetafuna Kifaransa asichokijua, ya mkubwa anayepokea bahasha kwa mkono wa kushoto.

Namna walivyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndimo siri ya mvuto wao ilimokuwa. Hawakuandika maneno ya mchezo. Mtu alileta wazo, pengine methali, pengine kisa kilichotokea mtaani. Kundi lilikaa na kulijadili: nani atakosea, nani atamshtaki, mambo yatamalizikia wapi. Likagawa nafasi, likapanga mfuatano wa matukio, na kila mchezaji akaachiwa kutafuta maneno yake papo hapo. Mhusika alibaki na jina na tabia zake kutoka mchezo mmoja hadi mwingine, hivyo watazamaji walianza kucheka alipotokea tu, kabla hajafungua kinywa. Lugha ilikuwa Kiswahili cha Lubumbashi na cha kambi, chenye Kifaransa ndani yake na lugha za vijijini zikipenya hapa na pale. Kiswahili hicho walimu walikisahihisha darasani na watoto wakarudi kukisema uwanjani. Kukisikia kikitoka kwenye televisheni ya serikali kulikuwa heshima ya aina yake.

Kazi ya kundi imehifadhiwa vizuri zaidi na wataalamu wa lugha na wa mila za watu kuliko na kituo chochote cha televisheni. Mwaka 1981 Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha mjini Vienna kitabu kiitwacho Le Groupe Mufwankolo, chenye michezo ya kundi iliyoandikwa kama ilivyosemwa. Johannes Fabian aliendelea. Mtu huyu hakuwa mgeni wa eneo: katika miaka ya 1966 na 1967 alifanya utafiti Kolwezi na kwingineko mkoani juu ya Jamaa, harakati ya kidini iliyoanzishwa miongoni mwa wachimbaji na Padre Placide Tempels. Aliporudi Lubumbashi mwaka 1986, aliwauliza rafiki zake wa Mufwankolo maana ya usemi kwamba madaraka huliwa mazima. Badala ya kumpa jibu, waliamua kuutengenezea mchezo. Fabian akafuata kila hatua, kuanzia mazungumzo ya kwanza mpaka mazoezi na upigaji wa picha, na mwaka 1990 akatoa kitabu chake Power and Performance. Mchezo wenyewe ni hadithi ya chifu na watu wake, ya utii unaovunjika na vurugu zinazofuata. Ulichezwa wakati Rais Mobutu Sese Seko yuko kileleni mwa mamlaka. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kijiji kile kilikuwa wapi.

Vijana waliokua na vichekesho hivyo waliona mengine pia. Mwezi wa Mei 1978 Kolwezi ilivamiwa na waasi wa kundi la FNLC waliotoka Angola, na tarehe 19 askari wa miamvuli wa Ufaransa wakashuka juu ya mji. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na uzalishaji wa Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi mali za Union Minière, ukaanguka vibaya katika miaka iliyofuata. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wengi wakipandishwa treni na mizigo waliyoweza kubeba. Mwaka 2003 ulianza mpango wa kuondoka kwa hiari, ambao ulimaliza kazi ya wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, amewaita watu wa kampuni hiyo watoto wa shaba walioachwa na baba yao, na picha hiyo ni sahihi: kampuni ilizalisha watu hospitalini kwake, ikawasomesha, na mtu akifa ilitoa sanduku na gari la kumpeleka makaburini.

Kwa hiyo msanii wa vichekesho anapofariki katika miji hii, kilio chake hubeba zaidi ya mwili mmoja. Anayelia hulia pia ile jioni ambayo mtaa mzima ulikusanyika kwa jirani mwenye televisheni, wakiwamo majirani ambao baadaye walipanda treni ya kwenda Kasai. Mwanasiasa hazikwi hivi, wala hata mwanamuziki, kwa sababu wimbo hupigwa tena na kizazi kingine na kupata maisha mapya. Kichekesho kina umri mfupi. Kinategemea bei za wakati wake, wakubwa wa wakati wake na namna ya kuzungumza ya wakati wake. Mjukuu akitazama mchezo wa mwaka 1986 atahitaji mtu wa kumweleza kwa nini babu anashika mbavu.

Mifano ya karibu inaonyesha jambo hili kwa sura mbalimbali. Filamu La Vie est belle ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, ni kichekesho kilichojulikana kuliko vyote vya Zaire. Mwanamuziki Papa Wemba alicheza ndani yake kijana wa kijijini anayekwenda Kinshasa kutafuta bahati ya muziki, na kujikuta mtumishi wa tajiri anayemtaka msichana huyo huyo anayempenda yeye. Lamy aliuawa Ubelgiji mwaka 2008, na huko Congo kifo chake hakikutikisa mitaa. Papa Wemba alipoanguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, mwili wake uliwekwa katika Jumba la Wananchi mjini Kinshasa na umati ukajaa. Mwongozaji hujificha nyuma ya kamera, na watu humzika yule ambaye uso wake wanaujua. Mufwankolo alikuwa na bahati ya kuwa mwongozaji na uso unaojulikana kwa pamoja.

Tanzania ina mifano miwili ambayo miji ya shaba iliifuatilia kwa karibu, kwa vile filamu za Kiswahili za Dar es Salaam zilivuka mipaka na kuuzwa katika masoko ya mashariki na kusini mwa Congo. Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, hakuwa hasa mchekeshaji, lakini mazishi yake Kinondoni yalionyesha ukubwa wa umma ambao sinema ya Kiswahili ilikuwa imejijengea bila wakubwa kuushughulikia. Amri Athumani, yaani King Majuto, alikuwa mchekeshaji kamili. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza akiwa mtoto, na alipofariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, vizazi vitatu vilimlilia kwa pamoja. Mwaka huo huo suala la malipo yake lilikuwa limefika mbele ya serikali, na Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mtu ambaye sura yake iliuza bidhaa za watu wengi alikuwa akihitaji kusaidiwa gharama za matibabu.

Kicheko na kilio havikuwa maadui katika desturi za eneo hili pana. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtani huja msibani kumdhihaki marehemu, kuiga mwendo wake na hata kuzuia mazishi mpaka apewe chochote, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Utani wa makabila ulistawi pia migodini, na J. Clyde Mitchell aliuchunguza katika kitabu chake juu ya ngoma ya kalela, kilichotoka mwaka 1956, akiona jinsi wageni waliokutanishwa na ajira walivyoweza kutukanana hadharani bila kupigana. Mchekeshaji wa kambi alirithi kazi ya mtani. Alikuwa na ruhusa ya kusema juu ya kila kabila na kila cheo, na sharti la ruhusa hiyo lilikuwa kwamba asiegemee upande wowote. Ndiyo maana katika kilio cha msanii wa namna hii watu huanza kuigiza vituko vyake usiku, wakiwa wameuzunguka moto uani, na hakuna mzee anayewanyamazisha.

Suala la kumbukumbu limebaki gumu. Michezo ya televisheni ilirekodiwa kwenye mikanda, na vituo vyenye uhaba wa mikanda huandika kipindi kipya juu ya cha zamani. Msanii mwenyewe hakuwa na nakala wala haki juu yake. Kwa upande wa Mufwankolo, maandishi yamesalia katika vitabu viwili vilivyotajwa na katika hazina ya Kiswahili cha Congo iliyowekwa kwenye intaneti na watafiti wa Amsterdam, ambako mtu wa Kolwezi mwenye simu na chaji anaweza kusoma maneno yenyewe, neno kwa neno, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Maandishi hayo yanaonyesha nani alisema nini na mwenzake alimkatiza wapi. Sura, mikono na ule mwendo wa kuingia jukwaani havimo, na vitapatikana tu pale ambapo mikanda iliyobaki, ya kituo au ya mtu binafsi, itatafutwa na kunakiliwa kabla ya joto na unyevu kuimaliza.