Umeme Hafifu Unaosaidia Mguu Kuinuka Baada ya Kiharusi

Mtu aliyenusurika kiharusi anaweza kurejea nyumbani Isinya akiwa na akili timamu, lakini mguu mmoja unaburuta vidole. Kwenye njia ya mawe au kizingiti cha mlango, mguu huo humwangusha. Wengi huacha kutembea kwa hofu, na misuli huzidi kudhoofika.

Chanzo cha tatizo hakiko mguuni. Kiharusi hutokea damu inapokosa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa wa damu unapopasuka humo. Sehemu hiyo ikiharibika, amri ya kuinua mguu haifiki kwenye misuli, ingawa neva na misuli ya mguu ingali hai.

Hapa ndipo kichocheo cha umeme husaidia. Vibandiko viwili huwekwa kwenye ngozi, chini kidogo ya goti upande wa nje, inakopita neva ya kuinua vidole. Kifaa kidogo cha betri hutuma umeme hafifu kisigino kinapoinuka, na hukatiza kisigino kinapokanyaga tena. Mgonjwa huhisi kama anachomwachomwa, kisha vidole huinuka.

Mbinu hii ilielezwa na madaktari wa Marekani mwaka wa 1961. Mwaka wa 2009, taasisi ya NICE inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza iliridhia itumike kwa wagonjwa wa aina hii.

Hata hivyo, kifaa hiki hakiponyi ubongo, na hakichukui nafasi ya mazoezi. Kwa wengine, mguu hulegea tena kinapozimwa. Hakiwafai watu wote: mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mjamzito, mwenye kifafa au kidonda kwenye ngozi hiyo amweleze mhudumu kwanza. Mashine za masaji zinazouzwa madukani si mbadala wake.

Wakazi wanashauriwa kuanza kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliyesajiliwa, ambaye atapima mguu na kueleza kinachofaa. Pasipo na kifaa hicho, kishikizo cha kifundo cha mguu na mazoezi ya kila siku pia husaidia.

Na kumbuka: uso ukipinda, mkono ukilegea au usemi ukivurugika ghafla, mgonjwa afikishwe hospitalini mara moja. Asingojewe hadi kesho.