Kabla hujalipia kadi ya bima, uliza inafika wapi

Mwaka 1977 Tanzania ilipiga marufuku hospitali za kibiashara. Za mashirika ya dini zilibaki, lakini daktari hakuruhusiwa kufungua kliniki ya kujipatia faida. Marufuku iliondolewa mwaka 1991, na mwaka 1993 hospitali za serikali zenyewe zikaanza kuchangisha wagonjwa. Tangu hapo kaya zimekuwa wanunuzi wa matibabu, na nyingi hununua kwa kutazama bei peke yake. Hapo ndipo zinapoumia.

Tuchukue kaya mbili za watu sita. Ya kwanza ni ya mkulima aliyejiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF iliyoboreshwa), mpango ulioenezwa nchini kuanzia 2018. Katika mikoa mingi kiwango kilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya nzima, yaani 5,000 kwa kichwa. Ya pili ni ya mwajiriwa mwenye mshahara wa 800,000. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) hupata asilimia 3 kutoka kwake na asilimia 3 kutoka kwa mwajiri, jumla 48,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 576,000, au 96,000 kwa kila mmoja kati ya watu sita.

Tofauti ni zaidi ya mara 19, na ukweli wake unaonekana siku ya rufaa. Kadi ya mkulima huanzia zahanati, hupanda hatua kwa hatua hadi hospitali ya mkoa, na huishia hapo. Mgonjwa akihitaji hospitali ya kanda au ya taifa, Muhimbili, familia inauza ng'ombe. Kadi ya mwajiriwa hufika huko, na hupokelewa pia katika hospitali binafsi zenye mkataba na mfuko.

Lakini mkataba nao huyumba. Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, hospitali nyingi binafsi zilisema bei zilizopangwa hazitoshi na zikasitisha huduma kwa wanachama wa mfuko huo. Makato ya mshahara yalikuwa yameshachukuliwa. Mgonjwa akiwa mapokezi, kadi mkononi, aliambiwa alipe taslimu au aende kwingine.

Bima za kampuni binafsi zina mtego mwingine: ukomo. Ofisa mauzo atakutajia orodha ndefu ya hospitali, ila wewe soma kiwango cha juu cha kulazwa kwa mwaka, na muda wa kusubiri kabla ya kulipiwa uzazi. Mjamzito anayekata bima leo mara nyingi amechelewa.

Na wasio na kadi kabisa? Sera inamsamehe mtoto wa chini ya miaka mitano na mama mjamzito. Mtoto ana nimonia, daktari anamwona bure, anaandikiwa amoksilini, kisha dirisha la dawa linasema haipo. Mama anavuka barabara hadi duka la dawa na kulipa bei ya duka. Gharama hii haiandikwi katika bango lolote la msamaha, nayo ndiyo inayowachosha watu kuliko zote.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inataka kila mkazi awe na bima, kwa hiyo uchaguzi huu unamhusu kila mtu. Kwa maoni yangu, anayeishi mbali na mji asivutiwe na orodha ya hospitali za Dar es Salaam. Aende kwanza kwenye kituo chake cha afya, aulize wenye kadi kama yake hupata dawa dirishani au hutumwa dukani, ndipo alipe.