Ulaya ilipodai kila taifa liwe na nchi yake, Wakuria waligawanywa nchi mbili

MKAZI wa Isebania, Kaunti ya Migori, akivuka hatua chache kuelekea kusini huwa amefika Sirari, wilayani Tarime nchini Tanzania. Pande zote mbili za mpaka wenyeji huzungumza Kikuria, na koo kama Abairege na Abanyabasi zina watu wao huku na kule. Hata hivyo, mmoja ni raia wa Kenya na nduguye ni raia wa Tanzania, kwa sababu ya mstari uliokubaliwa mezani barani Ulaya zaidi ya miaka 130 iliyopita.

La kustaajabisha ni kwamba mstari huo ulichorwa wakati ambapo Ulaya yenyewe ilikuwa ikitikiswa na madai kwamba watu wa lugha moja wanastahili kuwa na dola moja. Madai hayo ndiyo yanayoitwa utaifa.

Mwanzoni mwa karne ya 19, sehemu kubwa ya Ulaya ya kati na mashariki ilikuwa chini ya himaya za watu wa lugha na dini mbalimbali. Ukoo wa Habsburg ulitawala kutoka Vienna, Sultani wa Uturuki kutoka Istanbul, naye Kaizari wa Urusi kutoka St Petersburg. Mtawala alidai kodi, askari na utiifu. Lugha ambayo mkulima alizungumza nyumbani kwake haikumshughulisha sana.

Hali ilibadilika pale serikali zilipoanza kujenga shule, mahakama, reli na ofisi. Aliyejua lugha ya ofisini alipata kazi, naye asiyeijua alibaki nje. Lugha ikawa suala la mkate. Wakati huohuo wasomi walikuwa wakiandika kamusi, magazeti na vitabu vya historia katika lugha zilizokuwa zimedharauliwa, na wasomaji wakaanza kujiona kuwa taifa.

Wagiriki waliasi mwaka 1821 na uhuru wao ukatambuliwa mwaka 1830. Italia ikawa ufalme mmoja mwaka 1861, nayo Ujerumani ikaungana mwaka 1871 chini ya uongozi wa Otto von Bismarck. Katika Mkutano wa Berlin wa mwaka 1878, mataifa makubwa yaliutambua uhuru wa Serbia, Romania na Montenegro kutoka kwa Uturuki.

Miaka sita tu baadaye, mji huohuo wa Berlin uliandaa mkutano mwingine, safari hii kuhusu Afrika. Hapo hakuna aliyeuliza nani anazungumza lugha gani.

Mstari wa mwaka 1886

Mpaka wa Isebania haukuchorwa katika mkutano huo, kama wengi wanavyodhani. Ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Nchi hizo zilikubaliana kuwa mstari uanzie mdomo wa mto Umba katika Bahari ya Hindi, uzunguke Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha uende moja kwa moja hadi ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria, digrii moja kusini mwa ikweta. Mkataba wa mwaka 1890 uliuendeleza mstari huo kuvuka ziwa. Kati ya mwaka 1904 na 1906 wapimaji wa pande zote mbili walikuja kuuweka ardhini, na nchi ya Wakuria ikapasuliwa.

Hivyo Ujerumani, iliyokuwa imepigana vita ili kuwakusanya Wajerumani katika dola moja, ikashiriki kuwatenganisha Wakuria ilipokuwa haijatimiza hata miaka 20.

Mnamo Juni 28, 1914, utaifa wa Ulaya ulilipuka. Gavrilo Princip, kijana Mserbia wa Bosnia, alimuua mjini Sarajevo Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria. Vita vilianza, na wakazi wa Nyanza Kusini hawakusubiri sana kuviona. Septemba mwaka huo majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka na kuuteka mji wa Kisii, kabla ya kurudi nyuma baada ya mapigano na Waingereza. Wenyeji waliokuwa hawajawahi kusikia jina la Sarajevo walijikuta wakilipia ugomvi wake.

Dhuluma inapobadilisha mkono

Austria-Hungaria ilikuwa na watu takriban milioni 50 wa lugha kuu 11. Wahungaria, ambao uasi wao wa mwaka 1848 ulizimwa kwa msaada wa majeshi ya Urusi, walipata serikali yao ya ndani mwaka 1867. Lakini mwaka 1879 walipitisha sheria ya kulazimisha Kihungaria kifundishwe katika shule zote za msingi, hata za Waslovakia na Waromania. Aliyelalamika jana kwamba lugha yake inakandamizwa, leo alikuwa akikandamiza ya mwenzake.

Himaya hiyo iliposambaratika mwaka 1918, baada ya miaka minne ya njaa na vita, mipaka mipya haikumaliza tatizo. Mkataba wa Trianon wa mwaka 1920 uliinyang'anya Hungaria thuluthi mbili za ardhi yake na kuwaacha Wahungaria wapatao milioni tatu katika nchi jirani. Kila mpaka uliochorwa kwa ajili ya taifa moja uliwafanya watu wengine kuwa wachache.

Swali la lugha linajulikana pia katika Kaunti ya Homa Bay. Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, na wa Gwassi, ni Wabantu ambao wengi wa mababu zao walitoka upande wa Uganda. Shule na makanisa ya enzi ya ukoloni yalitumia Dholuo. Ndoa na biashara zikakamilisha kazi. Hapakuwa na sheria ya kulazimisha kama ya Hungaria, lakini leo Kisuba kimo miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Tom Mboya, aliyezikwa Rusinga mwaka 1969, alifahamika nchini kama kiongozi Mluo ilhali asili ya ukoo wake ni Wasuba.

Katika miaka ya 1990, Wakuria na Wasuba walipata wilaya zao kutoka katika iliyokuwa Nyanza Kusini. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, wilaya hizo ziliingizwa katika kaunti za Migori na Homa Bay, na jamii hizo mbili zikawa tena wachache. Baadhi ya viongozi wa Kuria wamewahi kudai kaunti yao. Lakini kaunti hiyo nayo ingekuwa na wachache wake, kama ilivyokuwa kwa kila dola iliyozaliwa mwaka 1918.

Viongozi wa Afrika walilitambua hilo mapema. Walipokutana Cairo Julai 1964, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliazimia kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, hata kama ilichorwa bila haki. Somalia na Morocco zilipinga, ila wengi waliona kwamba kuigusa mipaka hiyo kungewasha moto usiozimika.

Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa kuheshimu mpaka hakutoshi. Mwaka 1914 askari wa lugha zote walikuwa bado wakiitikia wito wa Kaizari wa Vienna. Walimwacha pale dola iliposhindwa kuwalisha na ikaonekana kuwa mali ya wachache. Kifungu cha saba cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaitaka serikali kulinda lugha za wananchi wote. Uzito wa maneno hayo utapimwa na mtoto wa Mfangano anayefunzwa Kisuba, na kijana wa Kehancha anayetafuta kazi katika ofisi za kaunti mjini Migori. Wakiona wana fungu lao, mstari wa mwaka 1886 utabaki kuwa mstari tu.